Mjane Akitakiwa Kuondoka Katika Nyumba: Hatua za Kudai Haki

Mara nyingi, baada ya matanga kuanuliwa, ukoo hukaa kikao na mjane huambiwa arudi kwao, kwa kuwa nyumba na shamba ni mali ya upande wa mume. Wananchi wa Kata ya Shishiyu wanakumbushwa kuwa mila haitoshi kumwondoa mjane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Mlalamikaji afuate hatua hizi:

Kwanza, atunze cheti cha kifo na cheti cha ndoa, au apate mashahidi wa ndoa hiyo na majirani wanaoijua mipaka ya eneo. Mali ikiwa ingali kwa jina la marehemu, shauri la mirathi hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi. Mjane anaweza kuomba usimamizi huo, au kuweka pingamizi dhidi ya aliyependekezwa na ukoo. Msimamizi hukusanya na kugawa mali; hageuki kuwa mwenye mali.

Pili, mgogoro wa ardhi unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wanawake, ili usuluhishwe.

Tatu, ufikishwe Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hili halitoi hukumu. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea bila hati hiyo.

Nne, shauri lifunguliwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako pia huombwa zuio la muda ili nyumba isiuzwe. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma hiyo haina malipo.

Zaidi ya yote, mjane asiweke dole gumba kwenye muhtasari wa ukoo ambao hajasomewa akauelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoletwa mbele ya baraza kama ushahidi kwamba aliondoka kwa hiari yake.