Gari la umeme: Kazi ni kulitoa Dar hadi Mwanza

MKAZI wa Mwanza anayeagiza gari la umeme lililotumika kutoka Japani husubiri mara mbili: kwanza meli, kisha barabara.

Kwa gari la petroli, hatua ya pili ni nyepesi. Ushuru ukishalipwa TRA, dereva wa kukodi hulichukua bandarini na kulifikisha jijini kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Ni zaidi ya kilomita 1,100, na mafuta yapo kila mji.

La umeme halichukuliki hivyo. Nissan Leaf lenye betri ya kilowati-saa 40, likiwa jipya, hukadiriwa kwenda kilomita 270 kwa chaji moja. Lililotumika huenda pungufu. Kwenye soketi ya kawaida, betri iliyokwisha huhitaji takribani saa 17 au zaidi kujaa. Dereva angelala njiani walau mara nne, akiomba umeme nyumba za wageni. Afadhali lipakiwe kwenye lori, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kuagiza.

Kusubiri nako kuna madhara. Betri kubwa huchakaa hata gari likiwa limesimama, hasa likiachwa juani na chaji kamili. Ile ndogo ya volti 12 huweza kufa bandarini, gari likakataa kuwaka ilhali betri kubwa ina chaji.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe picha ya dashibodi: Leaf huonyesha uzima wa betri kwa vipande 12, na kikitoweka kimoja, uwezo umekwisha kupungua. Aulizie pia kebo ya kuchajia, kwani plagi ya Japani haiingii kwenye soketi za Tanzania.