Rada ya Angani na Ardhi ya Mkulima

Mkulima huijua ardhi yake kwa mguu. Siku hizi ardhi hupimwa pia kutoka angani, nasi twaona yafaa kujua kipimo hicho kinaweza nini na hakiwezi nini. Mfano wetu ni Liparamba na Mbinga, mkoani Ruvuma, karibu na Ziwa Nyasa.

Rada hutuma mawimbi chini, kisha hupokea mwangwi wake. Giza haliizuii, wala mawingu ya milimani. Mwezi Februari 2000 chombo cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia siku 11 kikiwa na antena mbili, moja kwenye ncha ya mkono wa mita 60. Kama macho mawili, tofauti ya miangwi ilitoa urefu wa nchi. Hivyo vikapimwa miteremko ya Wamatengo wanaolima kwa ngoro, msitu wa Liparamba, na vilima vyetu vya Pemba.

Lakini tuangalie. Mawimbi yale mafupi hurudi yakigonga majani mengi. Penye mikarafuu iliyosongamana, ramani yaweza kuhesabu vilele vya miti badala ya udongo. Basi mwenye kuchimba mfereji wa maji asitegemee ramani peke yake. Autembee mteremko kwanza.

Kazi ya pili ni kutambua ardhi iliyosogea. Setilaiti hupita mahali pamoja mara mbili, miangwi ikalinganishwa, na hata sentimita chache huonekana. Desemba 2009 matetemeko yalipiga Karonga, Malawi, ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Kubwa lao, la tarehe 19, lilikuwa la ukubwa wa 6.0. Watu walikufa na nyumba nyingi zikabomoka. Picha za rada ziliwasaidia wataalamu kujua kuwa palipovunjika ni nyufa ndogo za magharibi, si ule ufa mkubwa wa Livingstone ulio upande wa Tanzania.

Ufa huo mkubwa bado upo. Leo setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 huendelea kuipima dunia, na picha zake hutolewa bure. Hata hivyo rada hueleza lililokwisha tokea. Haitaji siku ya tetemeko lijalo. Kwa hiyo wenzetu wa mwambao wa Nyasa hawana budi kujenga nyumba imara mapema, wala wasingoje habari kutoka angani.