Kinga ya Chupani

Katika maduka ya dawa ya Marekani, maneno yanayoandikwa kwenye chupa ya sharubati ya elderberi yamepimwa kwa uangalifu kuliko sharubati yenyewe. Mbele imeandikwa kwamba inasaidia mfumo wa kinga ya mwili. Pembeni ya maneno hayo kuna kinyota kidogo. Ukikifuata hadi nyuma ya chupa, unakuta kwa herufi ndogo kwamba kauli hiyo haijatathminiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mnunuzi husoma mbele, wakili husoma nyuma, na wote wawili huondoka wameridhika.

Mpango huu una msingi wa kisheria. Sheria ya mwaka 1994 iliviweka virutubisho vya aina hii upande wa vyakula, si wa dawa. Mtengenezaji halazimiki kuithibitishia serikali kuwa bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza, ila amekatazwa kudai kuwa inatibu au inazuia ugonjwa. Akisema inatibu influenza, amejitia matatani. Akisema inaimarisha kinga, analala usingizi wake. Kadiri ahadi inavyokosa umbo, ndivyo muuzaji anavyokuwa salama.

Tunda lenyewe halina hatia. Ni dogo, jeusi linaloelekea zambarau, na huota kwa vishada kwenye kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Sambucus nigra. Watu wa Ulaya wamelipikia jamu, divai na sharubati kwa karne nyingi. Sifa zake za kisasa zilianzia Jerusalem, ambako mtaalamu wa virusi Madeleine Mumcuoglu alitengeneza sharubati iliyokuja kuuzwa kwa jina la Sambucol. Ilijaribiwa wakati wa mlipuko wa influenza kwenye kibbutz moja kusini mwa Israeli, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995: waliokunywa walipata nafuu mapema kuliko wenzao. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya Norway. Wagonjwa walikuwa 60, na waliopewa sharubati walikunywa mililita 15 mara nne kwa siku kwa siku 5. Hao walipata nafuu takriban siku 4 kabla ya waliopewa sharubati bandia.

Siku nne si haba kwa mtu anayeumwa kila kiungo. Lakini wagonjwa 60 ni wachache mno kubeba biashara ya dunia nzima. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wasafiri 312 wa ndege za masafa marefu. Idadi ya waliopata mafua haikutofautiana kiasi cha kuaminika kati ya waliomeza vidonge vya elderberi na waliomeza vidonge vitupu. Tofauti ilikuwa kwamba waliougua wakiwa na elderberi waliumwa kwa siku chache zaidi na kwa unafuu. Kisha mwaka 2020 madaktari wa Cleveland Clinic wakachapisha jaribio la wagonjwa 87 wa influenza, na humo elderberi haikuonyesha faida yoyote. Kati ya wale ambao hawakutumia dawa ya virusi, waliokunywa elderberi walionekana hata kuchelewa kupona. Matokeo haya, kwa sababu zinazoeleweka, hayajapata nafasi kwenye chupa.

Majaribio ya Israeli, Norway na Cleveland yalipima jambo moja: mtu aliyekwisha kuugua anachukua siku ngapi kupona. Linalouzwa ni jambo jingine kabisa, yaani mtu mzima wa afya anywe kila asubuhi ili kinga yake “iongezeke”. Kinga si kitu kimoja cha kuongezwa wala kupunguzwa. Ni kundi la seli na kemikali zinazopelekeana taarifa, na sehemu kubwa ya homa na maumivu tunayoyalalamikia wakati wa mafua ni kazi ya kinga hiyo hiyo ikipambana. Ikizidi, nayo ni ugonjwa: katika lupasi, kinga hushambulia mwili wa mwenyewe. Wapo watafiti walioonyesha kuwa elderberi huchochea seli za damu kutoa zaidi baadhi ya kemikali hizo. Walionyesha hivyo maabara, nje ya mwili, na kwa mgonjwa wa lupasi huenda habari hiyo isiwe njema hata kidogo.

Halafu likaja janga la korona. Machi 2020, FDA na tume ya biashara ya Marekani zilizionya kwa barua kampuni 7 zilizodai kuwa bidhaa zao zinatibu au kuzuia COVID-19. Huko Marekani elderberi iliuzwa kwa kasi isiyo na kifani. Huku kwetu tulipiga nyungu, na Tanzania ikatuma ndege Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba. Hofu ilikuwa moja, tofauti ikawa bei. Soko liliponona, waghushi nao wakafika: wakaguzi walikuta baadhi ya unga ulioitwa elderberi ni mchele mweusi, ambao una rangi kama ile ile.

Kuna pia hatari ambayo mwenyeji wa nchi ya muhogo mchungu ataielewa upesi. Majani, vijiti na matunda mabichi ya elderberi yana kemikali zinazozaa sayanidi, na moto ndio unaoyapa matunda usalama. Mwaka 1983, huko California, watu 11 waliugua baada ya kunywa juisi mbichi iliyokamuliwa pamoja na majani na vijiti. 8 kati yao walikimbizwa hospitali kwa helikopta.

Mtu mzima mwenye afya anayekunywa sharubati iliyopikwa vizuri huenda asidhurike zaidi ya mfukoni. Anayemeza dawa za kupunguza kinga, kwa mfano baada ya kupandikizwa figo, amuulize daktari wake kwanza. Sharubati za kienyeji zilizotiwa asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Lipo pia jambo la kulinganisha. Chanjo ya influenza hutaja ugonjwa inaoulenga, na kila msimu Marekani huhesabu imefaulu kwa kiasi gani. Katika msimu wa 2014–2015 ilikuwa asilimia 19 tu, aibu iliyotangazwa na serikali yenyewe. Sharubati ya kinga haijawahi kupata aibu ya namna hiyo, kwa kuwa haikuahidi kitu kinachohesabika.