Gemu mpya inafikaje Mbale?

Desemba 2023 kampuni ya Rockstar ilitoa kionjo cha Grand Theft Auto VI, cha dakika moja na nusu tu, na ndani ya saa 24 kikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwenye YouTube. Kwa mtu wa London mwenye intaneti nyumbani, tangazo limekwisha fika. Mjini Mbale, kando ya mto Nabuyonga, kijana hutazama video kwa bando la siku, na tangu Julai 2021 Uganda inatoza data kodi ya asilimia 12. Facebook nayo imefungwa nchini tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kampuni inayotegemea njia hizo humpata kijana huyu kwa shida.

Kwamba wateja hawafanani, kampuni kubwa zinalijua siku nyingi. Mwaka 2015, wanawake walipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye gemu ya FIFA, kampuni ya EA ilimweka Lionel Messi kwenye jalada pamoja na Alex Morgan kwa soko la Marekani, Christine Sinclair kwa Kanada na Stephanie Catley kwa Australia. Garena, wenye Free Fire, walikwenda mbali zaidi: waliwatia mastaa ndani ya gemu yenyewe. Wabrazili walimpata DJ wao Alok mwaka 2019, Wahindi wakampata mwigizaji Hrithik Roshan mwaka 2020, na Desemba ya mwaka huohuo akaja Cristiano Ronaldo, anayejulikana kila mahali. Lakini silaha kubwa ya Free Fire ni wepesi wake. Inachezeka kwenye simu ya bei nafuu, na simu ya bei nafuu ndiyo iliyo mfukoni mwa vijana wengi wa Jinja, mji mwingine wa Uganda.

Halafu kuna kumbi za PlayStation. Televisheni moja, benchi, pedi mbili ambazo mpira wa vijiti vyake umelika hadi plastiki inaonekana. Mchezaji hapa hanunui diski, analipia mechi. Anayefungwa anampisha anayengoja. Diski moja ya mwenye ukumbi inatumikia mtaa mzima, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua gemu ipi itajulikana na ipi itapita bila kuonwa. EA ilipoacha jina la FIFA mwaka 2023 na kuanza EA Sports FC, ilitangaza kwa nguvu kote duniani, ila kumbini wengi wameendelea kusema FIFA.

Mfano unaofundisha zaidi umetoka Uganda hapahapa. Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa nchi. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, akafikisha dola 300 na kumnunulia kompyuta. Mahali pa kuichaji palikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akajifunza kuandika programu, akatengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita, na kambini akaisambaza kwa Bluetooth, simu hadi simu, bila kumlia mtu data.

Baadaye alihamia Washington, na hapo namna ya kuitangaza ikabadilika. Desemba 2018 alitambuliwa kwenye jukwaa la The Game Awards, Los Angeles. Hadhira ya huko ilielezwa kwamba chakula, maji na dawa ambavyo mchezaji atamnunulia mhusika vitageuka msaada kwa wakimbizi halisi. Wa kambini hawakuhitaji kuelezwa vita ni nini. Walihitaji kitu cha kucheza kinachoingia kwenye simu zao. Kila hadhira ilipewa sababu yake ya kuijali gemu.

Uganda ina hazina nyingine ambayo watengenezaji wa gemu wangeitumia: ma-VJ, wale wanaotafsiri filamu kwa Kiganda kwenye vibanda vya video, kwa sauti inayoshika watu hadi mwisho. Kionjo cha gemu chenye sauti ya VJ kingewavuta watu wa Jinja kuliko bango lolote la Kampala. Basi ninyi mnaotengeneza gemu Afrika Mashariki, andikeni ukubwa wa faili mahali panapoonekana, ruhusuni malipo kwa pesa za simu, na nakala ya kwanza mpelekeeni mwenye ukumbi.