Sumaku Iliyo Nyuma ya Honi

Spika ya honi husukumwa na yuniti ndogo iliyofungwa nyuma yake. Ndani ya yuniti mna kiwambo chembamba chenye koili ya waya iliyobandikwa ukingoni, na koili hiyo huning'inia katika mwanya mwembamba wenye nguvu ya sumaku. Amplifaya ikipeleka umeme wa sauti kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma, kiwambo hutikisika, nayo honi huupokea mtikisiko huo kooni na kuutanua kidogo kidogo hadi mdomoni. Spika ya kawaida yenye koni ya karatasi hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Honi nzuri hupita asilimia 10. Ndiyo sababu misikiti, makanisa na wachuuzi wa Laini Saba, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, huitegemea. Wati chache zinatosha kuvusha sauti juu ya mapaa mengi ya mabati.

Nguvu ya sumaku katika mwanya ule hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia sumaku ya kudumu. Ya pili ni kuzungushia chuma koili nyingine kubwa, inayoitwa koili ya uga, na kuipitishia umeme wa betri au uliosawazishwa. Umeme ukiwepo, chuma huwa sumaku. Ukikatwa, sumaku hutoweka.

Koili ya uga ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa sumaku za kudumu za zama hizo zilikuwa dhaifu. Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham waliutangazia umma kwa spika ya honi yenye sumaku ya umeme. Mwaka 1926, sinema za sauti zilipoanza kushika kasi Marekani, kampuni ya Western Electric ilikuwa na yuniti yake maarufu, 555, ambayo koili yake ya uga ilitaka volti 7 na ampea 1.5. Hizo ni zaidi ya wati 10, na zilihitajika muda wote, hata ukumbi ukiwa kimya. Redio za nyumbani zilipata faida ya pili: koili ileile ilisaidia kusawazisha umeme wa redio yenyewe na kupunguza mvumo.

Mizani ilianza kugeuka mwaka 1931, Tokushichi Mishima wa Japani alipogundua chuma cha sumaku chenye nikeli na alumini. Kobalti ilipoongezwa, ikazaliwa alniko, sumaku yenye nguvu ya kutosha kuiondoa koili ya uga katika spika za sinema kufikia katikati ya miaka ya 1940. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Philips ya Uholanzi ikaleta feraiti, sumaku ya kauri inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma na bariamu. Ni dhaifu kuliko alniko, hivyo huhitaji kipande kipana zaidi, lakini malighafi yake ni rahisi.

Kilichoipa feraiti ushindi kilitokea Katanga, eneo la migodi la Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo. Aina ya alniko iliyotumika sana katika spika huwa na takriban robo ya uzito wake kobalti, na Zaire ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuchimba madini hayo. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi, kazi ya migodi ikavurugika, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Watengenezaji wa spika, wakiwemo wakubwa wa Marekani, waliihama alniko kwa haraka. Sumaku ya neodimiamu, yenye nguvu kuzizidi zote, ilifuata katika miaka ya 1980.

Wapo wanaoshikilia kwamba koili ya uga hutoa sauti bora, na hoja yao ina msingi. Sumaku ya umeme inaweza kukijaza chuma nguvu hadi kikomo chake, inaweza kuongezwa au kupunguzwa, na haiyumbishwi kwa urahisi na umeme wa koili ya sauti. Hata hivyo, koili hiyo ikipata moto, ukinzani wake huongezeka na nguvu hushuka, isipokuwa chanzo cha umeme kikidhibitiwa vizuri. Leo hutengenezwa kwa uchache na kwa bei ghali, kwa mfano Japani na Ujerumani, kwa ajili ya wapenzi wa muziki.

Kwa honi ya Laini Saba ubora huo hauonekani. Honi iliyokunjwa, ile fupi inayofungwa kwenye mnara au mlingoti, hupitisha zaidi sauti za katikati, ambamo maneno husikika, na kuziacha nzito. Swali la maana pale ni umeme. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Koili ya uga ya wati 10 ingeimaliza kwa takriban saa nane kabla neno moja kutamkwa. Na stima ikipotea, sumaku ingepotea nayo. Kwa feraiti, betri yote hubaki kwa amplifaya.

Jua nalo lina sehemu yake. Feraiti hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto, na huirudisha ikipoa. Kinachoungua mara nyingi ni koili ya sauti, pale amplifaya inapozidishwa. Fundi hufungua kifuniko cha nyuma, hutoa kiwambo na koili yake, hufuta mwanya kwa utepe wenye gundi, maana vumbi la chuma hung'ang'ania humo, kisha huweka kiwambo kipya. Koili ya uga ingemrahisishia hatua ya kufuta mwanya, kwani ikizimwa karibu vumbi lote huachia. Sumaku ya feraiti yenyewe huachwa palepale, bila kuguswa.