Viziwi nao waungame kwa lugha yao

Nilipokuwa padri mpya, Jumamosi moja kabla ya Pasaka, mama mmoja aliniletea kijana wake, kiziwi tangu kuzaliwa, apate kuungama. Mama akasimama kati yetu ili anieleze alama za mikono ya mwanawe. Kijana akanitazama, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa. Hakufanya alama hata moja. Nani kati yetu angependa kuungama mbele ya mama yake mzazi?

Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani (kanoni 990), tena inamfunga mkalimani yule kutunza siri (kanoni 983). Lakini ruhusa si lazima. Padri akijua alama, mkalimani hana kazi tena. Ndiyo sababu nawaandikia: tujifunze lugha ya viziwi.

Pengine mmoja atasema: «Ile si lugha, ni mchezo wa mikono.» Sivyo. Mwaka 1960, mwalimu William Stokoe wa Marekani alionyesha ya kwamba kila alama ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali pake, na mwendo wake. Ukibadili sehemu moja tu, maana yaweza kugeuka. Uso nao unasema: mara nyingi kuinua nyusi ni kuuliza. Tena lugha hizi ni nyingi: alama za viziwi wa Ufaransa si zile za viziwi wa Uingereza.

Mwingine atasema: «Mtakatifu Paulo afundisha ya kuwa imani yatoka katika kusikia, basi kiziwi ataaminije?» Padri Charles-Michel de l'Épée wa Paris alijibu kwa matendo. Karibu na mwaka 1760 alikutana na wasichana wawili wa mama mmoja, wote viziwi. Aliogopa wasije wakafa bila kumjua Mungu. Akajifunza alama za viziwi, akazitumia kuwafundisha. Akafungua shule isiyodai malipo, akaitumikia mpaka kufa kwake mwaka 1789.

Na Bwana wetu Yezu Kristu? Tusome Marko, sura ya 7. Kabla ya kusema «Efata», alimtenga kiziwi na makutano, akamgusa masikio na ulimi, akatazama mbinguni. Alianza na yale ambayo kiziwi aliweza kuyaona.

Namna ya kuanza ni hii:

1. Mwalimu awe kiziwi mwenyewe. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule Accra mwaka 1957, kisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, hata Kongo kwetu. Tuwatafute waliosoma katika shule za viziwi.

2. Tujifunze kidogo kila siku: herufi za vidole, majina, sala, amri kumi.

3. Tusimame penye mwanga, uso kwa uso. Kupaza sauti hakufai kitu.

4. Kwa kuungama, tuchague mahali pasipoonekana na watu. Mikono haiwezi kunong'ona: anayeiona ameisikia.

Mimi nilihitaji miezi mingi, na makosa yangu yalimchekesha kijana yule mara nyingi. Lakini siku moja alikuja kuungama, na mama yake alingoja nje.