Rolex Daytona: Saa iliyododa madukani hadi ikapata jina

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Busia au Malaba kuingia Uganda, akisikia neno rolex, huwaza chapati iliyoviringishwa na mayai. Rolex ya habari hii ni saa ya mkono. Mojawapo iliuzwa mnadani New York, Oktoba 26, 2017, kwa dola 17,752,500 za Marekani.

Haikuwa ya dhahabu wala haikuwa na almasi. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, aina ambayo ikiwa mpya, miaka ya sitini, haikufika dola 300.

Kampuni yenyewe ilianza kama biashara ya kuagiza mali nje. Mwaka 1905 Mjerumani Hans Wilsdorf na shemeji yake, Alfred Davis, walifungua ofisi London. Waliagiza mitambo ya saa kutoka Uswisi, wakaitia kwenye makasha na kuwauzia masonara. Jina Rolex lilisajiliwa mwaka 1908. Wilsdorf alitaka neno fupi linalotamkika katika lugha yoyote.

Kisha vita vikaja, na vikaja na ushuru. Mwaka 1915 Uingereza ilitoza theluthi moja ya thamani kwa bidhaa za anasa kutoka nje, saa zikiwemo. Aliyewahi kupiga hesabu forodhani akaona faida yote imeishia hapo hahitaji kuelezwa zaidi. Wilsdorf alihamishia shughuli Uswisi, na Geneva ikawa makao hadi leo.

Alijua pia kutangaza mali. Mwaka 1926 alitoa kasha la Oyster lisiloingiza maji. Mwaka uliofuata mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia nalo katika mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Baridi ilimshinda akatolewa majini kabla ya kufika ng'ambo, lakini saa ilikuwa bado inakwenda. Wilsdorf alilipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kuutangaza ushahidi huo.

Daytona ilitoka mwaka 1963 kwa ajili ya madereva wa mashindano. Ni kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupima muda. Ukingoni ina tarakimu za mwendo: gari likimaliza kilomita moja kwa sekunde 30, mshale unaelekea 120. Hesabu imeshafanywa.

Wateja hawakuvutiwa. Saa nyingine za Rolex zilijijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Hii ilitaka kutiwa ufunguo, na mtambo wake ulitoka kiwanda kingine, Valjoux. Zilizododa zaidi zilikuwa zile zenye uso wa rangi mbili na vijiraba vidogo ndani ya miduara. Wengi waliziona za ajabu ajabu.

Moja ya hizo ndiyo Joanne Woodward alimnunulia mumewe, mwigizaji Paul Newman, aliyependa mbio za magari. Nyuma aliandikisha maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Newman aliivaa kwa miaka. Mwaka 1984 alimuuliza rafiki wa binti yake, James Cox, saa ngapi. Kijana akajibu hana saa. Newman akamvulia yake, akamwambia ukiitia ufunguo inakwenda vizuri.

Wakusanyaji wa Italia waliona picha za Newman na saa hiyo, wakaanza kuziita zote zenye uso huo kwa jina lake. Zilizokuwa zikikaa kabatini zikaanza kutafutwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kasha na mtambo ni vilevile vya Daytona ya kawaida. Tofauti ni uso tu. Fundi mwenye uso wa bandia anaweza kuipandisha bei saa ya kawaida mara kadhaa kwa kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo mnunuzi makini huanza na karatasi na historia ya mkono hadi mkono, ndipo aiangalie saa. Ya Cox ilikuja na maandishi ya Woodward mgongoni na barua ya Nell, binti wa Newman. Ofa ya kwanza ilikuwa dola milioni 10, kwa simu. Dakika kama 12 baadaye nyundo ikagonga.